MOYO NAO UNA DAFTARI LAKE

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya kipimo cha moyo kinachovaliwa nyumbani



Si desturi ya mikutano ya makatibu kuzungumza juu ya moyo wa mwanadamu. Desturi ni kuzungumza juu ya madaftari, mizani, maghala na malipo ya wakulima. Hata hivyo kila daftari la chama hushikwa na mkono wa mtu, na mkono huo hupata nguvu zake kutoka moyoni. Karani akizirai katikati ya msimu, kazi ya chama husimama siku ile ile, na mara nyingi maneno mabaya huanza kabla mgonjwa hajafika hospitali. Kwa hiyo hapana budi wanachama wajue habari za kipimo kimoja ambacho mgonjwa huvishwa mwilini, akarudi nacho nyumbani na kazini, kisha akakirudisha hospitali kisomwe. Kipimo hicho kina mambo mengi yanayofanana na kazi ya kutunza hesabu, na yeyote aliyewahi kushika daftari la chama atakielewa upesi.

Karani wa mizani

Ichukuliwe kwa mfano habari ya karani wa mizani katika chama cha wakulima wa kahawa. Mambo yake ni ya namna inayoweza kutokea katika chama chochote. Ni mtu wa makamo, amefanya kazi hiyo misimu kumi na mmoja, wala hajapata kuitwa mbele ya Halmashauri kwa upungufu wowote. Katika msimu mmoja alianguka mara tatu. Mara ya kwanza alianguka njiani akirudi nyumbani, akainuka mwenyewe. Mara ya pili aliangukia magunia ghalani. Mara ya tatu alianguka mbele ya foleni ya wakulima, kalamu i mkononi, na daftari la mizani likaingia matopeni.

Maneno hayakukawia. Wengine walisema karani anakunywa pombe kazini. Wengine walisema amerogwa na mtu anayeitaka nafasi yake. Wengine tena, ambao hawakuwa na chuki naye, waliuliza kama mtu anayepoteza fahamu bila kujua anaweza kuaminiwa kusoma kilo za wenzake. Halmashauri ikatia katika ajenda ya kikao kilichofuata shauri la kumwondoa kazini.

Karani alikwenda hospitali ya wilaya. Alipimwa shinikizo la damu na sukari, kisha akalazwa kitandani akapimwa moyo kwa mashine iitwayo ECG, ambayo huandika mapigo ya moyo kwa mistari juu ya karatasi. Vipimo vyote vilionekana kuwa vizuri. Karatasi ile, badala ya kumwokoa, ilimzidishia mashaka, maana watu walisema kwamba ikiwa moyo ni mzima, basi kilichobaki ni pombe.

Saa moja kwa mwaka

Ili kuelewa kwa nini karatasi ile haikuona kitu, yafaa kujua namna moyo unavyofanya kazi. Katika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, ipo sehemu ndogo ambayo hutoa umeme hafifu sana. Umeme huo huenea katika nyama ya moyo, na moyo hujikaza na kusukuma damu. Jambo hilo hutendeka mara sabini hivi kwa dakika kwa mtu aliyetulia, yaani yapata mara 100,000 kwa siku moja. Umeme ukitoka ovyo, moyo hupiga mbio au bila mpango. Ukichelewa kutoka, au ukizuiwa njiani, moyo husita. Ukisita kwa sekunde chache tu, ubongo hukosa damu, na mtu huona giza au huanguka.

Mashine ya ECG ya kitandani kwa kawaida huandika mapigo ya sekunde 10 tu. Siku nzima ina sekunde 86,400. Basi kipimo hicho huonyesha sehemu moja tu kati ya sehemu 8,640 za siku. Makatibu na wafanye hesabu kwa njia nyingine: ni sawa na mkaguzi kukaa chamani saa moja tu kwa mwaka mzima, akakuta meza imepangwa na karani ametulia, kisha akaandika kwamba chama hakina kasoro. Yawezekana ameandika kweli tupu kuhusu saa ile. Lakini habari za msimu, za usiku wa kupakia malori, na za siku ya malipo, hazijui.

Moyo wenye hitilafu ya kuja na kuondoka ni kama hesabu ya namna hiyo. Siku ya kupimwa hupiga vizuri, na siku ya tatu humwangusha mwenyewe shambani. Karatasi ya kitandani haikusema uongo juu ya karani. Ilisema habari za sekunde 10.

Jinsi kipimo kilivyotoka hospitali

Mtu aliyeweka msingi wa kipimo cha umeme wa moyo ni Willem Einthoven, mganga wa Uholanzi aliyefundisha katika mji wa Leiden. Mashine aliyoitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi ili umeme wa moyo upate kupita. Kwa kuwa mashine ilikuwa katika maabara yake na wagonjwa walikuwa hospitalini, mwaka 1905 alipeleka habari za mapigo kwa waya wa simu, umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Kwa kazi hiyo ya umeme wa moyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Aliyeutoa uchunguzi huo kitandani ni Norman Holter, mtaalamu wa sayansi wa mji wa Helena, jimbo la Montana, Marekani. Yeye aliona kwamba moyo wa mtu aliyelala kimya hautoi habari zote za moyo wa mtu anayepanda ngazi, anayekasirika au anayefanya kazi. Katika miaka ya 1940 alitengeneza mtambo wa redio uliobebwa mgongoni, wenye uzito wa kilo 38 hivi, yaani zaidi ya nusu ya gunia la kahawa safi la kilo 60. Bila shaka hakuna mgonjwa ambaye angetumwa nyumbani na mzigo wa namna hiyo. Lakini vyombo vya umeme vilizidi kuwa vidogo, mapigo yakaanza kuandikwa juu ya kanda, na mwaka 1961 Holter alieleza njia yake katika jarida la Science. Tangu hapo kifaa hicho huitwa kwa jina lake, Holter. Siku hizi hakitumii kanda tena. Kina kumbukumbu ya kielektroniki, na ukubwa wake hauzidi ule wa simu ya mkononi.

Kinavyovaliwa

Karani alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Huko muuguzi alimsafisha kifua, akanyoa nywele mahali palipohitajiwa, akabandika vibandiko kadhaa vyenye nyaya nyembamba. Nyaya hizo ziliunganishwa na kifaa kilichofungwa kiunoni kwa mkanda. Kazi hiyo haina sindano wala maumivu. Mwanamke anayevishwa kifaa hiki anaweza kuomba avishwe na muuguzi wa kike, na nguo yake ya kawaida au kanga huficha kila kitu.

Jambo la kwanza ambalo muuguzi alimweleza karani ni kwamba kifaa kile hakipeleki umeme mwilini. Husikiliza tu na kuandika. Yafaa jambo hilo lielezwe na kwa jamaa wa nyumbani, kwa kuwa si mara moja mtu amevuliwa nyaya usiku na ndugu zake kwa hofu, na kazi yote ikapotea. Jambo la pili ni kwamba kifaa cha aina hii hakimwiti daktari. Huandika kilichotokea, nacho husomwa baadaye. Kwa hiyo mgonjwa akianguka, akipata maumivu makali ya kifua au akishindwa kupumua, asikae nyumbani akidhani kwamba mashine imekwisha kutoa taarifa. Apelekwe hospitali mara moja.

Masharti mengine ni haya yafuatayo:

1. Kifaa huvaliwa saa 24 au 48, mchana na usiku. Vipo pia vya kubandika kifuani ambavyo hukaa hadi siku 14, kwa wagonjwa ambao dalili zao hazitokei mara kwa mara.

2. Vifaa vingi vya nyaya havitakiwi kuingia maji. Mgonjwa huoga vizuri kabla ya kuvishwa, na baadaye hujifuta kwa kitambaa bila kulowesha kifua wala kifaa. Kutawadha kwa uangalifu kunawezekana, maana maji hayafiki kifuani.

3. Jasho hulegeza vibandiko. Katika nchi za joto vazi jepesi la pamba linafaa, na kibandiko kikiachia hubanwa tena mahali pale pale. Mgonjwa aulize mapema afanye nini kikitoka kabisa, na aandike saa kilipotoka.

4. Simu isiwekwe karibu na kifaa, na sumaku kubwa na mashine za kukagua vyuma ziepukwe.

5. Dawa zisiachwe wala kubadilishwa ila kwa amri ya daktari.

6. Mgonjwa aishi kama anavyoishi siku zote.

Sharti hilo la sita ndilo huvunjwa zaidi kuliko yote. Mtu akivishwa kifaa hudhani anafanya mtihani, akataka kufaulu. Hulala siku nzima, huacha jembe, huepuka ngazi na ugomvi, naye hurudisha kifaa chenye habari za siku ambayo si yake. Ni sawa na chama kinachosafisha vitabu kwa ajili ya siku ya ukaguzi. Hata hivyo mtu ambaye amekwisha kuzirai ana mipaka: asipande juu ya marundo ya magunia, asiendeshe pikipiki wala gari, wala asiingie kwenye maji peke yake mpaka daktari amruhusu. Karani aliambiwa arudi mezani kwake na kwenye mizani yake, lakini asipande mahali pa juu.

Daftari la pili

Pamoja na kifaa, karani alipewa karatasi ya shajara. Humo alitakiwa kuandika saa na jambo: saa ya kuamka, ya kula, ya kufanya kazi nzito, ya kunywa dawa, ya kulala; na zaidi ya yote saa ya kila dalili, kama vile kizunguzungu, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika au giza machoni. Kifaa pia kilikuwa na kitufe cha kubonyeza dalili inapotokea.

Kila mtunza hesabu anajua kwa nini pana haja ya maandishi hayo. Daftari la fedha taslimu huandikwa chamani, na taarifa ya benki huandikwa benki. Kila moja peke yake laweza kupotosha. Yakilinganishwa, tarehe kwa tarehe na shilingi kwa shilingi, ndipo ukweli huonekana. Kifaa huandika moyo ulifanya nini. Shajara huandika mtu alihisi nini. Moyo ukisita saa ile ile ambayo mtu aliona giza, daktari amepata chanzo. Mtu akiona giza na moyo ukawa unapiga sawasawa wakati ule ule, hilo nalo ni jibu kubwa, kwa kuwa linaonyesha kwamba chanzo kitafutwe penginepo. Lakini mtu asipoandika, kifaa kitatoa mistari mingi isiyo na shahidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo halikusemwa kwa ajili ya fedha peke yake.

Siku ile karani aliandika kwa bidii. Aliandika kufungua ghala, kubeba mawe ya mizani, kubishana na mkulima aliyeleta kahawa isiyokauka. Alasiri, alipokuwa akijumlisha kilo za siku, macho yakamwingia giza. Alishika meza, wala hakuanguka. Hapakuwa na mtu ghalani. Hakubonyeza kitufe, wala hakuandika.

Usiku mkewe alimwandalia chakula, akamwona amenyamaza.

“Baba watoto, leo hukupata kile kizunguzungu?”

“Kidogo tu, mama. Hakuna aliyeona.”

“Umeandika?”

“Nikiandika, karatasi itafika kwenye Halmashauri, waseme sifai kazi.”

“Na mkulima akileta kilo mbili tu, ukaacha kuziandika kwa sababu ni chache na hakuna aliyeona, utamwambia nini mkaguzi?”

Karani hakujibu. Baada ya kula alichukua kalamu, akaandika: “Saa 10 na dakika 20, giza machoni, nikashika meza, nikapata nafuu mara.” Saa aliijua kwa hakika, maana alikuwa akifunga daftari la mizani na saa ya ukutani ilikuwa mbele yake.

Saa mbili tofauti

Kesho yake kifaa kilisomwa. Mashine ilionyesha kwamba moyo ulisita sekunde 5 na nusu, saa 16 na dakika 19. Lakini shajara ilisema saa 10 na dakika 20. Msomaji alitazama saa 10 ya mashine, ambayo kwa Kiswahili ni saa 4 asubuhi, akakuta moyo unapiga vizuri kabisa. Alikuwa karibu kuandika kwamba dalili ya mgonjwa haikulingana na kusita kwa moyo. Ndipo muuguzi alipomwuliza karani:

“Baba, saa 10 hii uliyoandika ni ya alasiri?”

“Ndiyo, mwanangu, ya alasiri. Nilikuwa nikifunga daftari.”

Saa 10 alasiri ni saa 16 ya mashine. Daftari mbili zikakutana.

Jambo hilo laonekana dogo, lakini latosha kupoteza ushahidi wa siku nzima. Mashine huhesabu saa tangu usiku wa manane, na Mswahili huhesabu tangu jua kuchomoza na tangu kuzama. Kwa hiyo kila anayeandika shajara ya moyo aandike saa pamoja na wakati wake, yaani asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku au alfajiri. Kabla ya kuondoka hospitali alinganishe saa yake na saa ya kifaa, na aulize ni hesabu ipi ya saa itakayotumika.

Daktari alimweleza karani kwamba ile sehemu ya moyo inayotoa umeme imechoka, na mara nyingine huchelewa kutoa pigo. Haikuwa pombe wala uchawi. Tiba yake ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, ambacho watu wengi hukiita betri ya moyo, nacho hutoa pigo pale moyo unapokawia. Gharama yake ni kubwa, na kwa sababu hiyo mgonjwa na jamaa zake huulizia mapema habari za bima na za msaada uliopo.

Si kila kipimo huishia hivyo. Mara nyingi kifaa huonyesha mapigo machache ya ziada ambayo hata watu wazima wa afya huwa nayo, na daktari humtuliza mgonjwa. Mara nyingine huonyesha vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka bila mpango. Hali hiyo huweza kufanya damu igande moyoni na kuleta kiharusi, nayo ina dawa zake. Na mara nyingine hakionyeshi kitu kwa sababu dalili haikutokea siku ile. Hapo mtu asiseme amepona, bali arudi kwa daktari, huenda akahitaji kifaa cha siku nyingi zaidi.

Wajibu wa chama

Makatibu wana nafasi yao katika jambo hili. Mwanachama au mtumishi anayeanguka bila sababu asihukumiwe kabla hajapimwa, na kipimo kimoja cha sekunde 10 kisichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Apewe ruhusa ya kwenda hospitali na ya kurudisha kifaa kwa saa iliyoagizwa, kwa kuwa kifaa kimoja husubiriwa na wagonjwa wengi. Akiwa amekivaa, apewe kazi yake ya kawaida isiyo ya hatari, na awepo mwenzake karibu. Shajara yake ni mali yake na ya daktari wake. Halmashauri isiitake wala isiisome, maana mtu akijua kwamba karatasi itamfukuzisha kazi, hataandika. Na mficha maradhi, kama ilivyosemwa zamani, kifo humuumbua.

Kikao cha Halmashauri kilipokutana, karani alieleza kwa hiari yake alichoambiwa na daktari. Wajumbe walikaa kimya kitambo. Shauri la kumwondoa kazini likafutwa katika ajenda, na mahali pake pakaandikwa jingine: nani atashika mizani hadi karani atakaporudi kutoka hospitali.